Barua Zilizofifia

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mdogo wangu Waya,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu na huyo mtukutu wenu anayepanda makabati. Mnaendeleaje huko? Kile kifua chako kimepoa? Sisi huku wazima, Mwenyezi Mungu anatushika. Mama anatembea vizuri, ila goti linamkera asubuhi. Anasema ukimpigia usimuulize amekula nini, maana atakudanganya na dhambi itakuwa yako.

Najua wewe ni mtu wa mistari miwili na umemaliza. Hili langu halienei kwenye mistari miwili. Ninaandika kwa simu, kidole kimoja, basi nivumilie.

Ofisi yetu unaifahamu, hii ya maombi ya upasuaji wa miguu ya watoto, uliitandazia nyaya kwa mikono yako. Bado ni watu walewale: Bosi wa miwani, karani Mrefu, na mimi hapa mlangoni, mapokezi. Madaktari wageni wanakuja Aprili. Orodha ya watoto inafungwa Ijumaa tarehe 21, na anayeingia ni yule tu ambaye barua yake ilifika kwenye sanduku la pamoja la barua pepe kabla Januari haijaisha. Tena mtoto awe hajatimiza miaka kumi na miwili. Akishatimiza, hawamgusi.

Alhamisi alikuja baba mmoja, fundi baiskeli, binti yake amempakia nyuma. Anasema aliandika Desemba na hakujibiwa. Mrefu akatazama orodha yake.

"Mzee, hapa hupo."

"Niliandika. Nilitumia simu ya jirani, nikasimama pale pale namtazama akibonyeza."

"Sasa jirani alibonyeza wapi, hilo mimi sitalijua."

Binti anatimiza kumi na miwili mwezi wa Julai. Madaktari hawarudi mpaka Oktoba. Umeshapiga hesabu.

Waya, barua ile ilifika. Niliisoma mimi, kwa macho haya. Aliandika kwamba binti yake anamuuliza mguu utaisha lini, kama mtu anavyouliza homa. Jina lake hakuandika, aliandika "baba wa mtoto" basi, ndiyo maana Mrefu akitafuta kwa jina haioni. Nikiiona mimi nitaijua. Lakini siwezi kuingia. Zamani kompyuta ya mapokezi ilikuwa wazi saa zote, nakaa tu na sanduku hilo hapo. Wiki mbili zilizopita wametubadilishia mashine, kila mtu na ufunguo wake. Nikiingia kwa jina langu naona kisanduku changu kidogo, kina barua moja ya kunikaribisha, na sanduku la pamoja halipo kabisa. Mrefu anasema ana barua sitini hazijajibiwa, nikiipata mwenyewe nimpelekee.

Nilijaribu ile paswedi ya zamani iliyobandikwa chini ya kibodi. Mara tano. Sasa na kisanduku changu kimefungwa. Fundi wa kompyuta wa hospitali nikimpigia ananipa namba ya tiketi, ya kusubiri zamu. Ninazo sita. Ingekuwa bahati nasibu ningeshaondoka na gari.

Niokoe mdogo wangu. Yule binti nilimwangalia akishuka kwenye baiskeli.

Dada yako


Jumanne, tarehe 4 Machi

Shikamoo dada,

Sisi wazima. Kifua kimeniacha, mtukutu hajaniacha. Mwambie Mama namjua, nitamuuliza jirani alichokula.

Kwanza paswedi ya chini ya kibodi iache, na hiyo karatasi ichome. Sanduku la pamoja halina paswedi yake. Ni kama chumba cha ofisi: huingii kwa ufunguo wa chumba, unaingia kwa sababu mlinzi ana jina lako. Unaingia kwa paswedi yako mwenyewe, halafu unapewa ruhusa.

Fanya hivi. Mwombe fundi wenu afungue akaunti yako, hilo ni dakika mbili. Zima kompyuta, usiilaze, izime kabisa. Washa, fungua programu ya barua, uiache saa nzima bila kuigusa. Ruhusa mpya huwa zinachelewa. Kama sanduku halijajitokeza lenyewe upande wa kushoto, achana na programu. Ingia kwa njia ya mtandao, ule ukurasa wa barua. Juu pembeni kuna duara lina herufi ya jina lako. Libonyeze, utaona maneno "fungua sanduku lingine". Andika anwani ya ofisi. Likifunguka huko, ubovu uko kwenye programu. Lisipofunguka, niandikie neno kwa neno linavyosema. Usiniambie "imekataa". Kila kitu kwako huwa "kimekataa".

Mdogo wako


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Mmeamkaje? Huku Mungu ni mwema, tumeamka.

Nilifanya yote. Nilizima, nikawasha, nikakaa saa nzima mikono mapajani kama niliye kwa mpiga picha. Mrefu akapita akaniuliza, "Dada, unaiombea?" Nikamwambia ndiyo, na wewe nitakuombea ukinisumbua.

Halikutokea. Nikaingia kwa mtandao, nikabonyeza duara, nikaandika anwani herufi moja moja. Ikasema hivi, nimeinakili: "Huna ruhusa ya kufungua sanduku hili. Wasiliana na msimamizi wako." Msimamizi ndiye yule wa tiketi. Nimempigia, anasema kwake anaona ofisi yetu wote tumepewa ruhusa, kwa hiyo tatizo ni langu, labda sijui kutumia.

Fundi baiskeli amekuja tena leo, peke yake. Hakugomba. Alikaa kwenye benchi kutoka saa tatu mpaka saa saba, kila nikiinua kichwa ananitazama. Nilimwambia, "Baba, barua yako niliisoma mimi, naitafuta." Akasema, "Basi kama umeisoma, kazi imebaki ndogo."

Zimebaki wiki mbili na siku moja.

Dada yako


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Shikamoo dada,

Hongera kwa kunakili. Sasa tunajua: programu haina kosa na wewe huna kosa. Mlinzi hana jina lako.

Usimuulize fundi kama umepewa ruhusa. Muulize hivi: ruhusa ya sanduku imetolewa kwa watu, au kwa kundi? Na kama ni kundi, akufungulie orodha ya kundi mbele yako, muisome pamoja jina kwa jina. Siku hizi mashine zikibadilishwa hawaongezi watu mmoja mmoja. Wanachukua orodha ya vyeo kutoka utumishi na kusema: makarani wote waingie. Kwake inaonekana "ofisi yote imepewa".

Nenda wewe mwenyewe, usipige simu. Mtu wa tiketi akiona uso huwa analainika. Nilikuwa mtu wa tiketi, najua.

Mdogo wako


Jumanne, tarehe 11 Machi

Waya mdogo wangu,

Natumaini hamjambo. Mama anawasalimu, leo amekula, nimeshuhudia.

Ulisema kweli. Ni kundi. Nilikwenda kwake jana na leo, leo akanifungulia orodha. Bosi yumo, Mrefu yumo. Mimi simo. Akatafuta jina langu kwingine, akalikuta. Akageuza ile kompyuta nione, hakutaka kukisoma cheo kwa sauti, namshukuru kwa hilo.

Mhudumu wa usafi.

Miaka sita nimekaa mapokezi, Waya. Watu wanapiga simu wanasema wanamtaka yule mama wa mapokezi. Kumbe kwenye karatasi bado nashika fagio. Kweli ninalishika, nafika saa kumi na mbili na nusu nafagia kabla ya wenzangu, lakini nilidhani ni nyongeza. Fundi akasema hawezi kuniongeza bila saini ya Bosi, kwa sababu barua za wagonjwa si za kila mtu.

Nimemwendea Bosi. Kaniangalia juu ya miwani. "Na wewe barua za ndani unazitakia nini?" Nikamweleza habari ya fundi baiskeli. Akasema atafikiri. Nimeshindwa kula.

Dada yako


Jumatano, tarehe 12 Machi

Dada,

Shikamoo. Cheo cha kwenye karatasi tutakigombania siku nyingine, na mimi nitakuja kukigombania mwenyewe. Leo mwombe Bosi kitu kidogo: ruhusa ya kusoma tu, bila kujibu wala kufuta, kwa siku chache, mpaka barua hiyo ipatikane. Watu wakubwa huogopa neno "ruhusa", ila "kusoma tu, mpaka Jumanne" hawaliogopi.

Kula.

Mdogo wako


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Leo sikuulizi hali, leo nakwambia yangu. Nimeipata.

Bosi alisaini asubuhi, kusoma tu mpaka Jumanne saa kumi na moja, kama ulivyosema. Saa sita sanduku likatokea lenyewe upande wa kushoto. Nikateremka mpaka Desemba. Iko pale, Jumatatu tarehe 9, imetumwa kwa jina la jirani, "baba wa mtoto" mwishoni. Nikapiga kelele Mrefu akadhani nimeona nyoka. Bosi akaja, akaona tarehe, akasema binti anaingia kwenye orodha, tena akaandika kwa mkono wake. Nimempigia fundi baiskeli kwa simu ya jirani. Mungu anajibu, Waya.

Ila kuna jambo linanitia wasiwasi. Barua yenyewe imefifia. Unajua mpya zinakuwa na herufi nene nyeusi, zikishafunguliwa zinafifia. Hii imefifia na chini yake hakuna jibu. Bosi akauliza nani aliifungua akaiacha. Mrefu anaapa si yeye, Bosi anasema si yeye. Basi amemwandikia Mrefu barua ya onyo, na lilikuwepo jingine mwaka jana, hili la pili si la mchezo. Mrefu ana mke mjamzito.

Halafu nimeona nyingine za namna hiyohiyo. Nimezitambua kwa sababu zimo kwenye daftari langu la dua. Sikuwahi kukwambia: tangu Septemba, kila Jumatatu nikishafagia, kabla hawajafika, huwa napitia barua mpya nachagua moja, ile iliyoniuma kuliko zote, naifungua naisoma yote taratibu, halafu namwombea mtoto huyo wiki nzima. Siandiki majina, Mungu anawajua. Naandika "mama wa pacha, mguu wa kushoto" na kadhalika. Leo nimezihesabu zilizofifia bila jibu, na zote ninazozikumbuka zimo daftarini. Ni mdudu gani huyu kwenye kompyuta, anayekula barua za wenye shida zaidi? Wewe fundi, niambie.

Dada yako


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Nimefurahi kwa binti wa fundi. Shika hilo kwanza, kabla hujaendelea kusoma.

Hakuna mdudu. Sanduku la pamoja ni moja kwa wote. Mmoja akifungua barua, inafifia kwake na kwa kila mtu, kwa saa ileile. Haisemi nani kafungua. Miaka saba iliyopita, nilipolitengeneza sanduku hilo, niliwakusanya Bosi na makarani kwenye kile chumba kidogo nikawapa sheria: zenye herufi nene ndizo kazi yenu, iliyofifia usiiguse, mwenzako ameshaishika. Nilijiona mjanja. Mrefu alipoajiriwa aliikuta sheria hiyo, na anaifuata mpaka leo. Akiona barua imefifia, anajua Bosi anayo. Bosi anajua Mrefu anayo.

Wewe siku ile ulikuwemo chumbani, dada. Ulikuwa unatugawia chai. Nilikuita "dada, sukari huku", na sikukuambia ukae.

Kwa hiyo ulipokuwa unafungua moja kila Jumatatu, ile iliyokuuma kuliko zote, ndiyo iliyokuwa inaondoka kwenye kazi. Zile ambazo hukuzichagua zilijibiwa.

Nimeandika. Siwezi kuifuta na nisingetaka uisikie kwa mwingine. Kosa ni langu pia, lifanye langu kabisa ukitaka. Lakini sikiliza: daftari lako ndilo orodha pekee duniani ya barua hizo. Kwenye sanduku zimezama kati ya maelfu ya zilizofifia, na majina hayapo. Ni macho yako tu. Ruhusa yako inaisha Jumanne. Orodha inafungwa Ijumaa. Nenda kwa Bosi Jumatatu asubuhi, na daftari mkononi.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 17 Machi

Dada, shikamoo. Nimekupigia Jumamosi, jana na leo. Mama anasema kichwa kinakuuma na umelala umegeukia ukutani. Nimemuuliza kama umekwenda kazini, anasema umekwenda, umerudi, hujasema kitu.

Umemwambia Bosi?

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 19 Machi

Dada, ruhusa imeisha jana. Bado unaweza kukaa pembeni ya Mrefu akafungua yeye. Siku mbili zinatosha kuwapigia wote. Nikasirikie, nitukane, halafu nenda.

Mdogo wako


Jumatatu, tarehe 24 Machi

Mdogo wangu Waya,

Salamu kwako na wote wa nyumbani kwako. Nisamehe kwa kukuacha gizani. Mama mzima. Mimi natembea.

Barua yako niliisoma Ijumaa jioni nimesimama jikoni. Niliisoma mara moja tu, ilitosha. Jumamosi na Jumapili sikusali. Sijawahi kuacha tangu nilipokuwa msichana. Nikifumba macho naona herufi nene zikififia, moja moja, na kidole ni changu.

Jumatatu nilikwenda nikafagia. Mrefu akaingia, macho mekundu, akanisalimia kama kila siku, "Dada, umeamkaje?" Nikamwambia salama. Nilikuwa na daftari kwenye mkoba. Nikamwangalia akikaa, nikasema nitasema saa nne. Saa nne nikasema saa nane. Jumanne vilevile. Saa kumi na moja sanduku likatoweka upande wa kushoto, nikaona kama nimepumzika, Mungu anisamehe. Nilifikiri: sasa hata nikitaka siwezi.

Jumatano ulipoandika "nikasirikie", nilishindwa kukukasirikia. Ndipo nikaenda.

Bosi alinisikiliza akiwa anaandika. Nilipofika kwenye daftari akaweka kalamu.

"Ulikuwa unafungua barua za wagonjwa saa moja asubuhi. Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba ruhusa, Bosi. Nilikuwa naomba dua."

"Na Mrefu nimemwandikia onyo."

"Ndiyo."

"Umelijua lini?"

"Ijumaa."

"Leo Jumatano."

Nikasema ndiyo. Alivua miwani akajifuta uso. Hakunifokea, na heri angenifokea. Akamwita Mrefu, akalichana lile onyo mbele yake, akamwambia sababu. Mrefu aliniangalia. Kisha akavuta kiti kingine akakiweka pembeni ya chake, akasema, "Kaa. Soma ya kwanza."

Tukakaa siku mbili. Mimi nasoma daftari, "mama wa pacha, mguu wa kushoto", yeye anateremka kwenye zile zilizofifia mpaka nasema hiyo. Hakuongea nami neno lolote nje ya kazi. Chai aliniletea yeye.

Wengine wa daftarini walioandika majina walishakuja wenyewe kuuliza wakajibiwa; zilizobaki bila jibu zilikuwa kumi na moja, pamoja na ya fundi baiskeli. Madaktari wanataka mzazi athibitishe kwa mdomo wake kabla ya Ijumaa saa kumi. Sita tuliwapata kwa simu, mmoja alikuwa shambani wakamkimbilia. Wameingia. Na binti wa fundi, saba. Wawili hatukuwapata, ila ni wadogo bado, miaka minne na sita, wamewekwa mbele kwa Oktoba. Wamebaki wawili ambao Oktoba itakuwa wamepita umri. Simu ya mama mmoja haikuita Alhamisi, haikuita Ijumaa. Wa mwisho hana simu, barua yake ilitumwa na mganga wa zahanati, na mganga huyo amehama. Ningesema Jumatatu, Waya, kulikuwa na muda wa kumtuma mtu. Siku mbili nilizipoteza. Wewe uliziona, uliniandikia.

Jumamosi nilikwenda kwa fundi baiskeli. Nilitaka alisikie kwangu. Yuko kona, chini ya bati, alikuwa ameipindua baiskeli magurudumu juu. Akafurahi kuniona, akanipangusia kigoda, akamwita mkewe aje kumwona mama aliyeipata barua. Nikamwambia sikuipata tu, niliipoteza pia. Nikamweleza yote mpaka mwisho, na dua, na wiki ile nilivyomwombea binti yake kila siku kwa machozi.

Aliendelea kukaza spoki za gurudumu. Kisha akasema, "Mama, ungenijibu tu. Kuomba, mimi mwenyewe naomba."

Hakusema kwa ubaya. Mkewe aliniletea maji, nikayanywa, nikaaga.

Jioni hiyo simu ya yule mama tuliyemkosa Alhamisi na Ijumaa ikaita. Nilijitambulisha, nikamwambia barua yake ilifika Oktoba, na kwamba nafasi imefungwa, na kwa nini. Mwisho akasema, "Kumbe ilifika," na akakata.

Bosi amenirudisha kwenye cheo changu cha kwenye karatasi. Mapokezi atakaa mtu mwingine. Mrefu amenibebea vitu vyangu mpaka stoo ya mafagio, akaniambia dada, pole. Kile cheo usije kukigombania. Na lile unalosema kosa ni lako, liache. Sukari ulikuwa unaihitaji kweli.

Nimeomba ruhusa ya kesho. Yule wa mwisho, wa zahanati, ni mvulana wa miaka kumi na moja na nusu, analelewa na bibi yake. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri, halafu unabaki mwendo wa miguu wa saa mbili. Bibi huyo tangu Novemba anajua hakujibiwa. Lazima mtu aende amjibu.

Sijui nitaanzaje nikifika. Najua tu kwamba sitamwambia nilimwombea.

Dada yako